Je, Wajua? Meli Zilizosafiri Mabegani

Je, wajua kuwa mpaka wa Tanzania na Zambia huko Tunduma umepita pale ulipo kwa sababu ya meli? Bahari iko mbali, lakini sikiliza. Miaka ya 1880 wamisionari wa London Missionary Society walitaka meli ya mvuke Ziwa Tanganyika. Ikaletwa vipande vipande kutoka Uingereza, ikapandishwa mito ya Zambezi na Shire, ikavushwa Ziwa Nyasa, kisha wapagazi wakajitwika mabati na vyuma kuelekea magharibi, wakipita kusini kidogo tu mwa Tunduma ya leo. Njia hiyo iliitwa Barabara ya Stevenson, kwa jina la mfanyabiashara wa Glasgow aliyetoa fedha. Sehemu kubwa haikuwahi kupitika kwa gari. Ilibaki njia ya miguu. Mhandisi wake, James Stewart, alifariki mwaka 1883 kazi ikiwa bado mbichi. Meli yenyewe, Good News, ilishushwa majini mwaka 1885.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zikagawana nchi. Waingereza waling'ang'ania barabara ile ibaki kwao, mstari ukachorwa kaskazini yake. Ndiyo maana mji wa Nakonde uko kule Zambia na Tunduma iko huku. Mkataba huohuo uliahidi kwamba bidhaa za pande zote mbili zitapita kati ya Nyasa na Tanganyika bila kizuizi wala ushuru wa kupitisha mizigo. Dereva wa lori aliyelala foleni Tunduma asomewe kipengele hicho polepole, na awe ameshakula kwanza.

Wajua kuwa eneo hilohilo kuna mito miwili iitwayo Songwe? Mmoja unamwaga maji Ziwa Rukwa. Wa pili unatutenganisha na Malawi na kuishia Ziwa Nyasa.

Na ni kwenye Ziwa Nyasa, pale Liuli, ambapo Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha Mjerumani alikuwa hajapata habari kwamba Vita Kuu ya Kwanza imeanza. Inasimuliwa kwamba alipiga kasia hadi kwa mwenzake Rhoades, nahodha wa Gwendolen waliyekuwa wakinywa naye siku za amani, kumuuliza kama amelewa. Akachukuliwa mateka.

Ziwa hilohilo, Julai 1946, meli ya abiria Vipya ilipinduka na kuua watu 145. Ilikuwa mpya kabisa.

Titanic kila mtu anaijua: Aprili 1912, watu kama 1,500, na ilichukua zaidi ya saa mbili na nusu kuzama. Khedive Ismail ni wangapi wanaijua? Nayo ilizaliwa meli ya abiria ya baharini, mwaka 1922, ikiitwa Aconcagua, ikifanya safari za Chile. Vita Kuu ya Pili ikaigeuza ya kubebea askari. Februari 1944 iling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo na watu zaidi ya 1,500: wauguzi, mabaharia, na karibu askari elfu moja wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili. Ikazama kwa takriban dakika mbili. Waliokuwa chini hawakupata nafasi hata ya kufikia ngazi. Mbaya zaidi, manowari za Kiingereza zililazimika kutupa mabomu ya kulipukia chini ya maji kuisaka nyambizi ile huku watu wakiogelea juu yake. Walikufa 1,297. Kwa maoni yangu, jina hili lilistahili kuwa kwenye vitabu vya shule zetu kabla ya lile la Titanic.

Kwenye Ziwa Victoria, MV Bukoba, 21 Mei 1996: waokoaji walipotoboa kiwiliwili cha meli iliyopinduka, hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, nayo ikazama na waliokuwa wakigonga kwa ndani. MV Nyerere, Septemba 2018, karibu na Ukara: walifariki 228, lakini fundi mmoja alitolewa hai siku mbili baadaye, amejibanza palipobaki na hewa.

Na Liemba ya Ziwa Tanganyika? Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikafika Kigoma kwa treni na wapagazi. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini mafundi walipaka injini grisi nzito kwanza. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakakuta mitambo ingali mizima, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina hili jipya la Liemba. Kiwanda kilichoiunda, cha Meyer, kimeendelea hadi karne hii kuunda meli za kitalii zinazobeba maelfu ya abiria.