Mashudu ya Alizeti: Chakula cha Mitetea katika Nyanda za Kati

Nyanda za kati za Tanzania hupata mvua katika msimu mmoja tu, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa wastani mvua ya Dodoma haifiki milimita 600 kwa mwaka. Alizeti ni miongoni mwa mazao yanayovumilia hali hiyo, kwa kuwa mzizi wake mkuu huzama chini sana kutafuta unyevu. Mbegu zake zikisha kukamuliwa mafuta, hubaki mashudu. Penye kinu cha kukamulia, iwe Dodoma, Kongwa au Singida, mashudu hayakosekani. Kwa kuwa chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama za kufuga kuku wa mayai, yafaa tujiulize: je, mashudu hayo yaweza kuwalisha kuku wetu?

Jibu ni kwamba yaweza, ila kwa kipimo kinachotegemea umri wa kuku. Umri unaofaa zaidi ni ule wa mitetea, yaani kuku majike waliokwisha kupita utoto lakini hawajaanza kutaga.

Yaliyomo katika mashudu

Mashudu ya alizeti yaliyokamuliwa pamoja na maganda yake huwa na protini kati ya asilimia 20 na 30. Kiasi hicho ni kikubwa ukilinganisha na mtama, ambao una asilimia 10 hivi. Hata hivyo, yana kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni maganda. Kuku hawezi kuyameng'enya kama afanyavyo ng'ombe. Maganda hujaza gole na tumbo pasipo kumpa nguvu.

Kasoro ya pili haionekani kwa macho. Protini hujengwa kwa amino asidi za aina mbalimbali, na kila aina ina kazi yake. Mashudu ya alizeti yana methionini ya kutosha, lakini yana upungufu wa laisini: katika gramu 100 za protini yake, laisini ni gramu 3.5 hivi, ilhali katika protini ya soya hufikia gramu 6. Mjenzi wa tembe mwenye udongo tele na nguzo chache hujenga nyumba inayolingana na nguzo zake, wala udongo unaobaki haumsaidii. Ndivyo ilivyo kwa kuku: laisini ikipungua, amino asidi nyingine haziwezi kujenga mwili, nazo hupotea bure.

Kwa nini mitetea?

Kifaranga hukua upesi na huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 18 hadi 20 na nguvu nyingi; maganda humnyima nafasi tumboni. Kuku atagaye naye huhitaji protini nyingi, kwani yai moja huwa na gramu 6 hivi za protini. Kati ya vipindi hivyo viwili, tangu wiki ya 8 hadi ya 18, ukuaji hupungua kasi na protini ya asilimia 15 hutosha. Zaidi ya hayo, mtetea anenepaye kupita kiasi hutaga vibaya. Hapo kasoro ya maganda hugeuka faida: humshibisha pasipo kumnenepesha, huimarisha firigisi yake, na hupunguza tabia ya kuku kudonoana.

Hesabu ya mchanganyiko

Tuseme tunataka chakula chenye protini ya asilimia 15 kwa kutumia mtama (asilimia 10) na mashudu (asilimia 28). Toa 15 katika 28, upate sehemu 13 za mtama. Toa 10 katika 15, upate sehemu 5 za mashudu. Kwa hiyo kila kilo 100 zitakuwa na mashudu karibu kilo 28. Hesabu ni sahihi, lakini chakula si kizuri: maganda yamezidi na laisini haitoshi. Ni salama zaidi mashudu yasizidi kilo 20 katika 100, na dagaa waongezwe. Mfano ni huu:

Mtama uliobarazwa: kilo 57
Pumba za mahindi: kilo 15
Mashudu ya alizeti: kilo 20
Dagaa waliosagwa: kilo 5
Mifupa iliyosagwa, chokaa, chumvi kidogo na vitamini: kilo 3

Ikiwa pumba zina protini ya asilimia 10 na dagaa asilimia 55, mchanganyiko huu utakuwa na asilimia 15.5. Wanafunzi wahakikishe wenyewe. Na ikumbukwe kwamba kilo 5 za dagaa huleta laisini inayokaribia kulingana na ile ya kilo 20 za mashudu.

Mitetea wakianza kutaga, chakula kibadilishwe na chokaa iongezwe kwa ajili ya maganda ya mayai. Chokaa hiyo nyingi isitangulizwe mapema, kwani hudhuru figo za kuku mchanga.

Hatari ya kuvu

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza. Uchunguzi ulionyesha kuwa walikula mashudu ya karanga yenye sumu itokanayo na kuvu, ambayo leo tunaiita sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo hiyo, ikiwa katika mahindi, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo ukavu wa nchi si kinga. Kuvu humea ghalani palipo na unyevu, na sumu yake haiondoki kwa kupikwa.

Basi mashudu yaanikwe hadi yakauke kabisa, yawekwe juu ya chaga mbali na sakafu na ukuta, na yatumike kabla hayajachacha. Yaliyoota kuvu yasilishwe kuku wala mnyama mwingine yeyote. Hasara ya gunia moja ni ndogo kuliko hasara ya banda zima.