Gia Nzito na Mzigo wa Lumbesa

Masika yakikolea, njia ya kutoka shambani huwa utelezi mtupu. Hapo mzigo wa vitunguu saumu hulala njiani, na lawama humwangukia dereva. Leo tuchungulie chini ya pikapu, maana hata aliyeikodi anaweza kuivunja.

Nyuma ya gia boksi kubwa kuna nyingine ndogo. Mafundi huiita transfa. Hiyo ndiyo inayopeleka nguvu kwenye difu ya mbele na ya nyuma, magurudumu yote manne yakavuta. Humo pia mna gia nzito. Wengi husema gia nzito inaongeza nguvu ya injini. Sivyo! Injini ni ile ile. Ni kama kupanda mlima kwa njia ya kona kona: unachelewa, lakini unafika na mzigo wako. Transfa ya Land Rover Defender aina ya LT230, ikiwa katika gia nzito, huzungushwa mara 3.32 ndipo itoe mzunguko mmoja. Mwendo unapungua kwa kiasi hicho, na nguvu ya kuzungusha inaongezeka karibu kiasi hicho hicho.

Sasa nguvu hiyo yote hupita kwenye propela, difu na ekseli, na palipo dhaifu ndipo panapokatika. Land Rover za zamani, zile za Series, zilijulikana sana kwa kukata ekseli za nyuma.

Tuseme mmepatana na mwenye gari gunia 10 za kilo 100, yaani tani 1. Ukishona lumbesa, kila gunia likafika kilo 130, umeongeza kilo 300 kimya kimya. Na juu yake wamekaa watu watatu! Gari likizama, dereva anatia gia nzito na kukanyaga mafuta. Gurudumu linazunguka bure kwenye tope, halafu ghafla linakamata jiwe. Pwaa! Ekseli imekwenda. Si gia iliyovunja, ni ule mshtuko pamoja na uzito.

Kwa hiyo gia nzito itiwe kabla ya kuingia kwenye tope, gari likiwa limesimama, kisha liende polepole bila kusita. Kwenye Land Cruiser zenye loki katika magurudumu ya mbele, loki zifungwe kwanza. Dereva akisahau, difu ya mbele itazunguka lakini magurudumu yake hayatavuta. Likizama, shusheni magunia, fukueni tope, tandikeni matawi. Ni kazi ya kuchosha, lakini ekseli hainunuliwi dukani Daudi.

Mkifika barabara kavu na ngumu, dereva aondoe mvuto wa mbele. Kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na transfa ikiyafunga pamoja, vyuma hukazana. Defender huvuta kwa manne wakati wote kwa kuwa ina difu ndani ya transfa. Huko kinachofunguliwa ni loki ya difu hiyo.

Na kama gari limevuka maji mengi, fundi aangalie oili ya transfa na ya difu. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Imwagwe siku hiyo hiyo, kabla ya kupakia safari nyingine.