Ama Wote Watatu, Ama Hakuna Ziara

Mashabiki wa muziki wa roki hawana subira na bendi kongwe. Mwaka ukipita bila ziara, utasikia wamegombana, au mmoja wao mgonjwa, au pesa zimewashibisha. Mimi ni mpiga dramu. Nimepiga katika bendi za hoteli za Pwani, Diani hadi Malindi, tangu ujanani, na bendi ninayoipenda kuliko zote ni Rush ya Kanada. Video zao huzitazama usiku nikitoka kazini, na macho yangu huwa kwenye mikono zaidi kuliko nyuso. Nimefuatilia pia miaka ambayo hawakutoka, na nimefika mahali pa kuiheshimu kuliko ile waliyojaza kumbi.

Rush walikuwa watu watatu tu. Geddy Lee aliimba, akapiga besi na kinanda. Alex Lifeson alicharaza gitaa. Neil Peart alipiga dramu, na ndiye aliyeandika karibu maneno yote ya nyimbo zao. Bendi ilizaliwa Toronto mwaka 1968. Peart aliingia mwishoni mwa Julai 1974, na wiki mbili baadaye wakapanda jukwaani Pittsburgh, Marekani, kufungulia bendi nyingine mbele ya umati ambao haukuja kwa ajili yao. Kuanzia hapo hadi 2015 hakutoka mtu, hakuingia mtu. Miaka 41.

Watu wengi hawatilii maanani hesabu hiyo ya watatu. Bendi ya dansi ya kwetu ina magitaa matatu au manne, safu ya tarumbeta na saksafoni, waimbaji mbele wamejipanga. Mmoja akipatwa na homa, shughuli inaendelea na mwenye harusi hata hagundui. Kwa Rush haiwezekani. Mtazame Geddy Lee akiwa kazini: mikono miwili iko kwenye besi, mdomo uko kwenye maiki, mguu unakanyaga pedeli zinazotoa sauti nzito za kinanda, na katikati ya wimbo anaruka kwenye kinanda chenyewe. Mtu huyo akikaukiwa koo, nani ashike nafasi yake?

Walipokuwa vijana hawakujua kupumzika. Kati ya 1974 na 1981 walitoa albamu 8 za studio, na ziara zikafuatana bila nafasi. Enzi hizo ziara ndiyo iliyouza sahani. Siku hizi mambo yamegeuka: watu husikiliza nyimbo kwenye simu kwa malipo kiduchu, na riziki ya mwanamuziki iko jukwaani. Kwa hiyo mwaka wa kukaa nyumbani ni hasara ya kweli, na si ya wanamuziki peke yao. Ukumbi mkubwa huwekwa miezi mingi mapema. Kuna promota, madereva wa malori, mafundi mitambo, watu wa taa, wapishi. Wote hao wanangoja neno la watu watatu. Kusema "mwaka huu hapana" ni kumgusa mfukoni mtu unayemjua kwa jina, na hata jina la mtoto wake unalijua.

Ukimya unaonigusa zaidi kama mpiga dramu ni ule wa katikati ya miaka ya 90. Ziara ya 1994 ilipokwisha, Geddy alikuwa na mtoto mchanga nyumbani, nao wakakubaliana kukaa kando kwa muda. Peart alikuwa na miaka 42. Magazeti ya wapiga dramu yalishamvika kila taji, na vijana walikuwa wakimwiga pigo kwa pigo. Mwaka huohuo alisimamia albamu ya kumuenzi Buddy Rich, mpiga dramu mkuu wa jazi, na humo akamsikia mpiga dramu Steve Smith akipiga kwa ulaini ambao hakuwa nao zamani. Akamuuliza ulaini huo umetoka wapi. Jibu lilikuwa Freddie Gruber, mwalimu mzee wa jazi. Peart akaenda kwa Gruber na kuanza upya kama mwanafunzi.

Kabla ya hapo alishika vijiti kama wapiga roki wengi: viganja vyote viwili vikitazama chini, na mara nyingi kijiti kimegeuzwa ili upande mnene ndio ugonge. Katika mafunzo yale alirudi kwenye mshiko wa wapiga jazi wa zamani. Kijiti cha kushoto kinalala kwenye panda, kati ya kidole gumba na cha shahada, kinaegemea kidole cha pete, kiganja kimeelekea juu. Jaribu hata kwa penseli mbili mezani, mkono wa kushoto utaona umesahau kila kitu. Gruber alimtaka pia aangalie mwendo wa mkono kati ya pigo moja na lingine, uzunguke badala ya kupanda na kushuka kwa mabavu. Mzee aliyenifundisha mimi dramu Mombasa alikuwa na maneno yake ya jambo hilohilo. Alikuwa akinigusa bega na kuniambia, "Mwanangu, legeza. Ngoma haijakukosea kitu."

Kujifunza upya namna hiyo hakuwezekani ukiwa na shoo Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jukwaani mwili hukimbilia ulichozoea, kwa sababu watu wamelipa na wimbo haungoji. Ukitaka kuuvunja mkono wako na kuujenga tena, lazima uwe nyumbani, peke yako, kila siku, bila mtu wa kukupigia makofi. Peart alifanya hivyo, na matunda yake yamo kwenye albamu ya Test for Echo ya 1996.

Kisha ukaja ukimya mwingine ambao hakuna aliyeupanga. Agosti 1997, wiki chache baada ya ziara kumalizika, binti wa Peart wa miaka 19 alikufa katika ajali ya gari. Haujapita mwaka, Juni 1998, mkewe naye akafariki kwa saratani. Kwenye mazishi ya binti yake Peart alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake wamhesabu kuwa amestaafu. Akapanda pikipiki akaondoka, akaenda kama kilomita 88,000 akizunguka Amerika Kaskazini hadi Meksiko na Belize, safari aliyoiandikia kitabu.

Huku kwetu msiba una siku zake. Kuna siku tatu, kuna arobaini, na mjane ana eda. Biashara ya muziki haina siku hizo, na mkataba haujui kutoa pole. Ndiyo maana ninawapenda Lee na Lifeson kwa walivyofanya. Hawakumtafuta mpiga dramu mwingine. Hawakumwekea tarehe. Geddy alitoa albamu yake binafsi mwaka 2000, Rush ikabaki kimya. Mapema 2001 Peart alirudi studio, na mwaka 2002 wakatoka tena, ziara ikaishia Brazili, Novemba, katika uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro.

Baada ya hapo mpangilio ukawa wazi kwa anayeufuatilia. Walipiga 2004, wakakaa 2005 na 2006. Wakapiga 2007 na 2008, wakakaa 2009, mwaka ambao Peart alipata binti mwingine katika ndoa yake mpya. Wakapiga 2010 hadi 2013 karibu bila kupoa, wakakaa 2014. Shoo yao ilikaribia saa tatu. Mimi nikipiga saa tatu hotelini, kuna nyimbo za taratibu za watu wanaokula, napumua. Muziki wa Rush hauna wimbo wa kupumulia.

Ziara ya R40 mwaka 2015 ilikuwa shoo 35, zote Amerika Kaskazini. Lifeson alikuwa na baridi yabisi ya vidole, Peart alikuwa na maumivu ya kano na mabega. Katika ziara hiyo alipata pia maambukizi ya mguu yaliyomfanya ashindwe kutembea vizuri, lakini mguu huo uliendelea kukanyaga pedeli. Geddy hakuficha kwamba alitamani kuendelea. Lakini kura ilikuwa ya watatu, na mmoja alisema basi. Tarehe 1 Agosti, Los Angeles, shoo ilipokwisha Peart alitoka nyuma ya ngoma akaja mbele kuwakumbatia wenzake, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

Bendi nyingine huchagua vingine, nami siwalaumu. Charlie Watts, mpiga dramu wa Rolling Stones, alifariki Agosti 2021, na mwezi uliofuata bendi ikaanza ziara na Steve Jordan kwenye dramu. Mwaka 2016 madaktari walipomwonya mwimbaji Brian Johnson wa AC/DC kwamba atapoteza kabisa usikivu, Axl Rose ndiye aliyekuja kumalizia shoo zilizobaki. Tiketi ziliheshimiwa, wafanyakazi wakalipwa. Hayo nayo ni mambo ya uungwana.

Peart alifariki Januari 2020 kwa saratani ya ubongo, baada ya kuuficha ugonjwa kwa zaidi ya miaka mitatu. Wenzake walikaa. Hadi Oktoba 2025 ndipo Lee na Lifeson, wote wakiwa na miaka 72, walipotangaza ziara ya 2026 na Anika Nilles, mpiga dramu Mjerumani, familia ya Peart ikitoa baraka zake.

Nilipoona ratiba ya kwanza niliifurahia kama fundi. Miji 7, shoo 12. Hawakupanga kuruka mji hadi mji kila usiku kama zamani, walipanga kuweka kambi. Katika ratiba hiyo, Los Angeles walipanga kupiga tarehe 7 Juni na tena tarehe 9. Tarehe 8 hakukuwa na kitu, na mji uliofuata ulikuwa Mexico City, tarehe 18.