Swali la Mpemba: Je, Maji ya Moto Huganda Mapema?

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Maziwa yalichemshwa, yakatiwa sukari, kisha yakaachwa yapoe kabla ya kuingizwa katika jokofu. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, aliona nafasi katika jokofu inakwisha. Akayaingiza maziwa yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi aiskrimu yake ilikuwa imekwisha kuganda, hali ya mwenzake, aliyetia maziwa baridi yasiyochemshwa, ingali uji mzito.

Mwalimu wa fizikia alimwambia ya kwamba amechanganyikiwa. Jibu hilo halikukosa msingi. Maji yenye nyuzi 100 za Sentigredi sharti yapite kwanza katika nyuzi 35. Itakuwaje basi yayatangulie maji yaliyoanzia hapo? Hoja ni nzuri, ila inachukulia ya kwamba maji yaliyopoa hadi nyuzi 35 hayana tofauti yoyote na yale yaliyoanzia nyuzi 35. Jambo hilo lilihitaji kupimwa.

Huko Mkwawa, Iringa, Mpemba aliuliza tena. Mwalimu mwingine akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na msemo huo ukawa dhihaka darasani. Hata hivyo siku moja aliikuta maabara wazi, akajaribu kwa maji matupu, na bikari ya maji ya moto ikawa na barafu nyingi zaidi.

Kisha Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, akaizuru shule. Mpemba akamwuliza mbele ya wenzake. Osborne naye alidhani kijana amekosea, lakini aliahidi kupima. Fundi wake wa maabara aliyaona maji ya moto yakitangulia, akasema atarudia mpaka apate jibu lililo sahihi! Marudio yaliunga mkono dai la Mpemba, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la *Physics Education*. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori karibu na Moshi.

Katika majaribio hayo, utando mwembamba wa mafuta juu ya maji ya moto uliuchelewesha sana mgando. Ni dalili ya kwamba joto jingi hutokea juu. Tena, maji ya moto huzunguka chomboni, na uso wake hubaki na joto kuliko sehemu ya chini.

Mjadala haujafungwa. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walionyesha ya kwamba kuipandisha au kuishusha pimajoto kwa sentimita moja tu kwaweza kuleta matokeo ya uongo. Mwaka 2020 wengine huko Kanada waliona tabia kama hiyo, si katika kuganda kwa maji, bali katika kipunje kidogo mno cha kioo kilichoelea majini.

Darasa lenye jokofu laweza kujaribu. Vyombo viwe sawa, maji yawe sawa kwa ujazo, na sakafu ya jokofu isiwe na sakitu, kwani chombo cha moto huiyeyusha na kukaa juu ya chuma chenye baridi kali zaidi. Muhimu kuliko yote, iandikwe mapema kinachopimwa: kufika nyuzi sifuri, au kuonekana kwa barafu ya kwanza, maana maji huweza kushuka chini ya sifuri yasigande.