Kufundisha Ushirikiano kwa Mchezo wa Maharage

Ikiwa viumbe hushindania uhai, mbona watu husaidiana? Mtoto aliyelelewa katika dini huongeza swali la pili: je, sayansi inapingana na imani yangu? Katika makala haya tutaeleza njia moja ya kuyakabili maswali hayo.

Martin Nowak, mtaalamu wa hisabati na baiolojia aliyezaliwa Vienna mwaka 1965, amelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 2006 alieleza njia tano zinazouwezesha ushirikiano kustawi: udugu wa damu, kulipana fadhila, sifa njema, ujirani, na ushindani baina ya makundi. Njia ya pili yafaa sana kwa darasa.

Wagawe wanafunzi wawili wawili, kila mmoja akiwa na punje 10 za maharage. Kwa ishara yako, kila mmoja aamue kutoa au kuzuia. Atoaye hupoteza punje 1, na mwenzake huongezewa 3 kutoka kopo la mwalimu. Wakitoa wote, kila mmoja hufaidi 2. Wakizuia wote, hakuna apataye kitu.

Mkicheza duru moja tu, mchoyo hunufaika. Kisha rudieni mchezo, nawe usitaje idadi ya duru. Kanuni ya Nowak ni kwamba uwezekano wa kukutana tena lazima uzidi gharama ikigawanywa kwa faida, hapa, 1/3.

Hatua ya mwisho, waambie watende kama walivyotendewa. Kosa moja la bahati mbaya litazaa visasi vya kupokezana. Mwaka 1992 Nowak na Karl Sigmund walionyesha kwa hesabu kwamba mkakati wa kulipiza hufungua njia ya ushirikiano, lakini ule unaosamehe mara mojamoja huchukua nafasi yake.

Nowak ni Mkatoliki, wala haoni ugomvi kati ya mageuko ya viumbe na imani. Pamoja na mwanatheolojia Sarah Coakley alihariri kitabu juu ya mambo hayo, kilichotoka mwaka 2013. Hata hivyo, tujihadhari. Hesabu huonyesha jinsi ushirikiano unavyoweza kustawi. Haithibitishi wala haikanushi kuwapo kwa Mungu. Mwanafunzi aulizaye asikemewe, wala maharage yasigeuzwe mahubiri. Aelezwe wazi ni swali lipi hujibiwa kwa kuhesabu, na lipi atalipeleka kwa wazazi wake na viongozi wa dini yake.