Ripoti ya Udongo Isomeke Shambani

Pale Kawangware 46, mahali ambapo magari ya nambari hiyo hugeukia kurudi mjini, yuko mama mmoja anayechoma mahindi kando ya barabara. Mimi ni mteja wake wa siku nyingi. Mapema mwaka huu, nikingoja hindi langu liive, alichomoa karatasi mbili chini ya meza yake, akazipangusa majivu, akanikabidhi.

"Mwalimu, wewe umesoma," akasema. "Hebu niambie, huyu aliyetumwagia asidi shambani ni nani?"

Karatasi zile zilikuwa ripoti ya upimaji wa udongo. Shamba lenyewe, robo ekari, liko Vihiga, nalo hulimwa na mama mkwe wake kwa pesa anazotumiwa kutoka Kawangware. Mtu wa maabara moja, ambayo sitaitaja, alipita kijijini, akachukua udongo, akalipwa, na majuma kadhaa baadaye ripoti ikaja kwa Kiingereza kitupu. Mjukuu aliye katika shule ya upili, tena hodari katika somo la Kilimo, ndiye aliyeombwa kumsomea nyanya yake. Alipofika mahali penyewe akasema, "Nyanya, shamba lina asidi." Bibi huyo anaijua asidi moja tu, ile ya betri, ambayo watu wenye chuki humwagiana nyusoni. Na kwa kuwa pana mzozo wa mpaka baina yake na shemeji yake, siku mbili hazikupita kabla jina la shemeji kutajwa, na ilibaki kidogo tu wazee waitwe.

Nilikaribia kucheka, nikajizuia. Yule kijana hakukosea. Neno asidi ni neno sanifu, limo katika kamusi zetu, nami nimewahi kulitetea mbele ya wanafunzi wangu. Kilichomshinda ni kumweleza nyanya yake jambo ambalo yeye mwenyewe hajapata kulisikia likielezwa kwa lugha yoyote isipokuwa Kiingereza. Somo la Kilimo katika shule zetu za upili hufundishwa na kutahiniwa kwa lugha hiyo. Mwanafunzi hupata alama zake zote, kisha hurudi nyumbani akiwa bubu.

Nilimwomba mama yule ripoti, nikampelekea rafiki yangu anayefundisha sayansi ya udongo. Tulikaa karibu saa nzima, watu wawili wenye shahada za uzamifu, tukizigeuza kurasa mbili kuwa maneno ya watu. Kiini chake kilikuwa hiki. Kipimo cha uchachu wa udongo, kiitwacho pH, huanzia 0 hadi 14, na 7 ndiyo katikati. Kadiri nambari inavyopungua ndivyo uchachu unavyozidi, tena kwa kasi, kwani udongo wenye 5 ni mchachu mara 10 kuliko wenye 6. Mahindi hustawi vyema kuanzia 5.5 hadi 7. Shamba la Vihiga lilikuwa na 4.8. Hapo madini ya alumini huyeyuka na kuidhuru mizizi, nayo fosforasi hufungwa udongoni isiweze kunyonywa na mmea, hata mkulima akiimwaga kwa ndoo. Hakuna aliyemwaga kitu usiku. Mvua nyingi husomba chokaa ya asili, mavuno huondoka nayo, na ile DAP ya kupandia, iliyotumika shambani humo msimu baada ya msimu, huongeza uchachu kidogo kidogo.

Sasa tazama ushauri ulivyotolewa. Ripoti iliagiza tani 2 za chokaa kwa hekta, na kilo 60 za nitrojeni kwa hekta. Ni nani mwenye hekta pale Vihiga? Mkulima huhesabu ekari na magunia, na pengine debe na gorogoro. Tukakokotoa, na tani 2 kwa hekta zikawa kama kilo 200 kwa robo ekari, yaani magunia manne ya kilo 50. Zile kilo 60 za nitrojeni, ikiwa atanyunyiza CAN yenye asilimia 26, zikawa kilo 23 hivi za mbolea, pungufu kidogo ya nusu gunia. Magunia manne ya chokaa, yatiwe majuma kadhaa kabla ya kupanda wala yasichanganywe na mbolea. DAP iachwe, itafutwe mbolea nyingine ya kupandia. Nusu gunia ya CAN mahindi yakifika magotini. Sentensi moja. Kwa nini haikuandikwa?

Nambari nazo zina Kiswahili chake. Gunia la DAP huandikwa 18-46-0. Niliwauliza watu watatu pale kituoni maana yake. Mmoja alisema ni nambari ya kiwanda, wa pili akasema ni tarehe, na wa tatu, utingo, akadai 46 ni gari letu. Maana yake ni kwamba katika kila kilo 100 mna kilo 18 za nitrojeni na kilo 46 za fosfeti, na hamna potasiamu hata chembe. Mwaka 2022 serikali ilishusha bei ya gunia la mbolea ya ruzuku hadi shilingi 3,500, na mwaka 2023 hadi shilingi 2,500. Fedha nyingi zimekwenda katika kulishusha bei gunia ambalo mnunuzi hawezi kulisoma.

Kinachoudhi ni kwamba elimu yenyewe iko jirani. Kutoka Kawangware hadi Kabete si mbali, na Kabete ndiko udongo wa nchi hii umechunguzwa tangu enzi za mkoloni. Huko ndiko ziliko maabara za KALRO, shirika lililoirithi KARI kwa sheria ya mwaka 2013. Katika miaka ya 1980 watafiti wa huko walifanya majaribio ya mbolea katika wilaya nyingi, na mapendekezo yakachapishwa wilaya kwa wilaya. Ni kazi ya kuheshimiwa. Iliandikwa kwa Kiingereza.

Watasema Kiswahili hakina istilahi. TUKI ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Lawama nyingine ni yetu wanaisimu, tunaobishana makongamanoni iwapo tuseme asidi au tindikali, kisha tukafunga vitabu na kwenda kula. Rai yangu ni kwamba maabara ibaki na asidi yake, lakini shambani tuseme uchachu. Kila mtu ameonja maziwa yaliyochacha. Najua atatokea wa kunikumbusha kuwa chachu pia ni hamira, na kwamba mkulima anaweza kudhani udongo wake unaumuka. Afadhali dhana hiyo kuliko ya shemeji.

Wala si hisani ninayoomba. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu cha 46 (nambari hii inatuandama) kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidika nazo kikamilifu. Mama mkwe wa Vihiga alilipia habari hizo.

Nilirudi 46 siku ya nne na karatasi moja ya Kiswahili. Mama aliisoma mwenyewe, polepole, akigeuza mahindi. Akaniuliza kama majivu ya jiko lake hayawezi kushika nafasi ya chokaa. Nikamwambia kwamba majivu hupunguza uchachu kweli, ila nguvu yake ni ndogo kuliko ya chokaa. Aliyatazama yaliyokuwa chini ya jiko, akatikisa kichwa, akachukua simu. Alizungumza Kilogooli, lugha nisiyoijua, lakini nililisikia neno chokaa, kisha jina la shemeji likitajwa mara mbili, na upande wa pili kimya.