Msichana Aliyejifunza Kutengeneza Mitambo ya Muziki

Wimbo unapopigwa redioni sisi humtaja mwimbaji. Tukijua zaidi kidogo, huwataja na wapiga magitaa. Ni mara chache sana tunamkumbuka mtu aliyekaa nyuma ya kioo kule studioni, akaweka vipaza sauti mahali pake na kuhakikisha kila sauti imeingia kwenye kanda bila dosari. Huyo ndiye fundi wa sauti. Na yule anayesimamia kazi yote tangu mwanzo hadi mwisho, akaamua wimbo upi urudiwe na upi uachwe, ndiye mtayarishaji, au prodyuza kama wasemavyo vijana wetu.

Kazi hizi mbili, hasa katika muziki wa roki, kwa miaka mingi zimekuwa kazi za wanaume. Mwezi huu tumeona tuwaletee habari za mwanamke mmoja wa Marekani aliyezifanya zote mbili, tena akianza bila cheti chochote. Jina lake ni Susan Rogers.

Utoto uliokatika mapema

Susan alizaliwa mwaka 1956 katika jimbo la California. Alipokuwa na umri wa miaka 14 mama yake alifariki kwa ugonjwa wa saratani. Akina mama tunajua nyumba inavyotikisika mama anapoondoka, na msichana wa umri huo ndiye anayebaki bila mtu wa kumwuliza mambo yake. Alipofika miaka 17 aliacha shule akaolewa.

Ndoa hiyo haikuwa na amani. Mumewe alikuwa na wivu mkali, na kama Susan mwenyewe alivyosimulia miaka mingi baadaye, maisha yale yalikuwa ya mateso. Alipenda sana kusikiliza muziki ingawa hakuwa mwimbaji wala mpigaji wa chombo chochote. Siku moja alipata ruhusa kwenda kuisikiliza bendi ya roki ya Led Zeppelin katika ukumbi mkubwa uitwao Forum, karibu na Los Angeles. Ruhusa yenyewe ilikuwa na sharti: awe amerudi nyumbani saa nne na nusu usiku. Saa ilipokaribia alilazimika kuinuka na kuondoka, huku nyuma yake muziki ukiendelea. Pale pale ukumbini aliweka nadhiri kwamba iko siku atarudi mahali hapo, si kama mtazamaji wa kuhesabu dakika, bali kama mfanyakazi wa mitambo ya sauti.

Akiwa na umri wa miaka ishirini na ushee aliiacha ndoa hiyo akaenda Hollywood kuanza upya.

Kazi ambayo wengine hawakuitaka

Alipata kazi ya kupokea wageni katika chuo kidogo kilichofundisha ufundi wa sauti. Mshahara wake ulikuwa wa mpokea wageni tu, lakini masikio yake yalikuwa kazini. Akiwa pale alisikia neno moja likisemwa: kwamba wanaotaka kurekodi nyota ni wengi kupita kiasi, ila fundi anayejua kuitengeneza mitambo yenyewe inapoharibika hakosi kazi.

Neno hilo alilishika. Hakuwa na fedha za kusoma chuo, kwa hiyo alitafuta vitabu vya mafunzo ya umeme vya jeshi la Marekani akajifundisha mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Mwaka 1978 kampuni moja ya Hollywood iliyoshughulika na mitambo ya studio ilimchukua kama mwanafunzi wa ufundi. Alijifunza kulehemu nyaya, kupima umeme, kusafisha na kurekebisha vichwa vya mashine kubwa za kanda ambazo kila studio ilizitegemea. Baada ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, aliajiriwa katika studio ya wanamuziki David Crosby na Graham Nash kuitunza mitambo yao.

Hapa tutazame vizuri. Hakuingia studioni kwa sababu ya sura yake wala kwa kujuana na wakubwa. Mashine ilipokwama katikati ya kazi, na wanamuziki wakiwa wamekaa wanalipia kila saa inayopita, yeye ndiye aliyejua pa kushika.

Miaka minne na Prince

Mwaka 1983 mwanamuziki Prince, wa mji wa Minneapolis, alikuwa akitafuta fundi wa mitambo. Susan alikuwa mpenzi mkubwa wa muziki wake. Akaomba kazi, akapata, akahama California kwenda Minnesota, jimbo la baridi kali. Alikuwa na umri wa miaka 27, na Prince alikuwa na miaka 25.

Aliajiriwa ili atengeneze mitambo, lakini Prince hakujali tofauti ya fundi wa mitambo na fundi wa sauti. Kwake yeye, anayejua mashine ndiye akae kwenye mashine. Basi Susan akajikuta akirekodi. Alishiriki katika albamu ya Purple Rain iliyotoka mwaka 1984 na kukaa namba moja Marekani kwa majuma 24. Zikafuata Around the World in a Day mwaka 1985, Parade mwaka 1986, na Sign o' the Times mwaka 1987.

Na ile nadhiri yake? Mwezi wa Februari mwaka 1985 ziara ya Purple Rain ilifika katika ukumbi ule ule wa Forum. Susan akaingia humo akiwa kazini. Hakuna aliyemwambia arudi nyumbani saa nne na nusu.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Prince alizoea kuandika wimbo, kuurekodi na kuumaliza bila kuinuka, na mara nyingi kazi iliendelea saa 24 mfululizo. Simu ikilia usiku wa manane, fundi aliamka akaenda. Ni vema tuseme wazi kwamba maisha ya namna hiyo hayamwachii mtu nafasi ya kulea familia, na wala mwili hauwezi kuyabeba siku zote.

Kuna kisa kimoja ambacho Susan amekisimulia mara nyingi. Mwaka 1986 meza mpya ya kuchanganyia sauti ilikuwa imefungwa nyumbani kwa Prince. Kabla haijapimwa, Prince aliingia akiwa na wimbo kichwani, The Ballad of Dorothy Parker, akataka kurekodi papo hapo. Susan akasikia kwamba sauti ina kasoro: imefifia, kana kwamba inatoka chini ya maji. Alijua kuna ubovu, ila hakuwa na njia ya kumsimamisha bosi aliyekuwa ameshaanza. Wimbo ulipokwisha na Prince kuondoka, alichukua vipimo vyake akagundua kwamba nusu tu ya umeme uliotakiwa ndiyo iliyokuwa ikifika kwenye meza. Prince naye alikuwa ameiona tofauti hiyo, lakini aliipenda. Wimbo ukatoka vile vile, na hadi leo una sauti hiyo ya chini ya maji.

Kazi nyingine ambayo haikuonekana ni ile ya kukusanya kanda. Kanda za Prince zilikuwa zimetawanyika huku na huko. Susan alizitafuta, akazipanga na kuzihifadhi mahali pamoja. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa ghala mashuhuri la nyimbo za Prince. Prince alifariki tarehe 21 Aprili 2016, na baadhi ya nyimbo zilizotunzwa katika ghala hilo zimewafikia wasikilizaji baada ya kifo chake.

Kutoka fundi hadi mtayarishaji

Mwaka 1987 Susan aliondoka kwa Prince. Kwa zaidi ya miaka kumi iliyofuata alifanya kazi na wanamuziki wengi, na safari hii si kama fundi tu bali pia kama mtayarishaji. Tofauti yake ni kubwa hata kwenye mfuko. Fundi wa sauti hulipwa kwa saa au kwa juma, na kazi ikiisha malipo yameisha. Mtayarishaji kwa kawaida hupata pia sehemu ya mapato ya mauzo, yaani mrabaha.

Mwaka 1998 alishiriki kutayarisha albamu ya Stunt ya bendi ya Barenaked Ladies kutoka Kanada. Wimbo mmoja wa albamu hiyo, One Week, ulifika namba moja Marekani, na albamu ikauzwa kwa mamilioni. Kwa mara ya kwanza Susan alikuwa na fedha za kutosha kuamua mwenyewe atakachofanya.

Alifanya nini? Alirudi shule.

Darasani akiwa na miaka 44

Yule aliyekatisha masomo akiwa kijana aliingia Chuo Kikuu cha Minnesota akiwa na umri wa miaka 44, akikaa darasani na vijana ambao angeweza kuwazaa. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, Kanada, na mwaka 2010 akapata shahada ya udaktari. Utafiti wake ulihusu jinsi sikio na ubongo vinavyopokea sauti zinazopatana na zile zinazogongana. Tangu mwaka 2008 alikuwa ameanza kufundisha katika chuo cha muziki cha Berklee, Boston, na mwaka 2022 alitoa kitabu kuhusu sababu zinazomfanya kila mtu apende muziki wake.

Tunabaki na nini?

Dada mpendwa, huenda hupendi muziki wa roki, na hilo halina neno. Yapo mambo yanayotugusa hata hivyo. Kwanza, Susan aliinuka kwa kujifunza kazi ngumu ambayo wenzake waliikwepa. Pili, kujifunza kwake hakukusubiri ada. Kulianza na vitabu alivyoweza kuvipata. Tatu, alipopata fedha alizitumia kurudisha kile alichopoteza akiwa msichana, wala hakuona haya kwamba umri umekwenda.

Tena tuwatazame binti zetu. Kijana wa kiume akiifungua redio iliyoharibika, tunasema huyu atakuwa fundi. Binti akifanya vile vile, tunamwambia aache kuchezea vitu na aende jikoni. Siku nyingine ukimkuta ameitawanya redio mezani, usimkaripie. Mwulize anatafuta nini, kisha mpe bisibisi.